Mcheza kwao hutunzwa, lakini Pwani nani wa kumtunza?

Vijana wetu wanaopenda filamu huniuliza swali moja kila tunapokutana: nibaki Mombasa au nihamie Nairobi? Wazazi nao wana lao: mtoto aende huko akae kwa nani, na hiyo kazi ina mshahara? Yote mawili ni maswali ya haki, na jibu la mkato halitamfaa yeyote.

Tuanze na lisilofichika. Nairobi ndiko ziliko ofisi kuu za televisheni, ndiko iliko Tume ya Filamu ya Kenya, na ndiko matangazo mengi ya biashara yanakotengenezwa. Matangazo hayo ndiyo yanayowalisha watu wa kamera, taa na sauti katika miezi isiyokuwa na filamu. Fundi wa sauti haishi kwa filamu moja kwa mwaka. Lazima aitwe wiki hii na wiki ijayo, na pengine apigiwe simu usiku kwa kazi ya alfajiri. Aliyelala Kisauni hawezi kuwahi kazi hiyo.

Filamu ya Nairobi Half Life, iliyotoka 2012 chini ya uongozaji wa David Tosh Gitonga, inasimulia safari hii hii. Kijana wa mashambani anakwenda jijini kutafuta uigizaji. Jiji linampa jukwaa, lakini kabla ya hapo linamvua alichonacho. Anayehama bila akiba ya kodi ya nyumba na bila mwenyeji wa kumpokea, ajue hilo si la kwenye filamu tu.

Upande wa pili tuna Mvera, filamu ya Daudi Anguka. Ni kisa cha huku kwetu Pwani, kuhusu biashara ya viungo vya binadamu, na mwaka 2023 ndiyo iliyochaguliwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar. Haikuhitaji kujifanya ya Nairobi ili ifike huko. Lugha yetu, lafudhi yetu na mambo yanayotusibu ni mali, na asiyeishi nayo huyaiga kwa shida. Mara ngapi tumeketi mbele ya televisheni tukacheka kwa kuwa "Mswahili" wa kwenye mchezo anazungumza Kiswahili ambacho hakuna mtaa wowote wa Mombasa kinakozungumzwa?

Hapo ndipo watu hukimbilia methali: mcheza kwao hutunzwa. Ni kweli, lakini tuitazame vizuri. Harusini mchezaji hutunzwa kwa sababu mtunzaji yupo ukumbini na noti ziko mkononi. Katika filamu, mtunzaji wetu yuko mbali. Michezo ya runinga yenye visa vya Pwani inapendwa, Sultana ya Citizen ikiwa mfano mmoja. Bahari ni yetu na kanzu ni zetu, lakini uamuzi wa mchezo gani ulipiwe na nani aigize hupitishwa Nairobi. Nionavyo mimi, huo ndio ugonjwa wenyewe, na kijana mmoja kupanda treni hakuuponyi.

Wala tusidanganyike kwamba uzuri wa fukwe utatuletea kazi. Meli ya Maersk Alabama ilikuwa safarini kuja Mombasa ilipotekwa na maharamia wa Kisomali mwaka 2009. Marekani ilipokitengenezea kisa hicho filamu ya Captain Phillips, iliyotoka 2013, sehemu kubwa ya picha za baharini zilipigwa Malta. Malta hurudishia watengenezaji filamu sehemu ya fedha wanazotumia nchini humo, na ina mafundi waliozoea kazi ya majini. Bahari peke yake haimvuti mtu.

Kuna wanaotazama kusini. Zanzibar ina tamasha la filamu la ZIFF, lililoanzishwa 1997, na ndiko Amil Shivji alikopigia Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Dar es Salaam nayo ina soko kubwa la filamu za Kiswahili. Marehemu Steven Kanumba alitoka Shinyanga akapatia jina lake huko. Kwa kijana wetu, lugha ni ile ile. Lakini ni nchi nyingine, na kazi yataka vibali. Kwenda kuonyesha filamu na kujuana na watu ni jambo jema. Kuhamia ni hesabu tofauti.

Kwa hivyo ushauri wangu hutegemea kazi. Ukitaka kuwa fundi wa kuajiriwa, nenda Nairobi, ujipe muda maalumu, ujifunze na ujulikane. Mwigizaji anaweza kuanzia hapa, atume majaribio yake kwa video, na asafiri akiitwa. Mhariri wa picha akiwa na kompyuta nzuri na intaneti ya kuaminika hahitaji kulipa kodi ya Nairobi. Mwandishi na mwongozaji ndio nawasihi wasiondoke haraka, kwa sababu mtaji wao uko Majengo, Likoni, Malindi na Lamu.

Lakini mzigo huu si wa vijana pekee. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti shughuli za utamaduni, kumbi za sinema na fukwe. Basi serikali zetu za kaunti zina la kujibu. Kijana wa hapa akitaka kupiga picha ufukweni, apitie ofisi ngapi na alipe kiasi gani? Akimaliza filamu yake, ataionyesha katika ukumbi upi wa kaunti? Na mtengenezaji kutoka nje akija, kuna orodha ya mafundi wetu atakayopewa kabla hajapakia watu wake kwenye basi?

Maswali hayo yaulizwe kwenye vikao vya bajeti vya kaunti, ambako wananchi wana haki ya kutoa maoni. Wazazi waende, na vijana wa filamu waende kwa wingi. Tukinyamaza, tutaendelea kuwapeleka watoto wetu kituo cha Miritini na mabegi yao, kisha jioni tuwashe televisheni tuwatazame wengine wakiigiza kuwa sisi.