Simu ya biashara isiwe na mlango mmoja

SIMU ya tachi si anasa tena kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo. Pale Buhongwa, barabara ya kutoka Shinyanga inapoingia Jiji la Mwanza, muuza mchele hupiga picha mzigo wake, akaituma kwa mteja na kulipwa kwa simu hiyo hiyo. Simu imekuwa kitendea kazi, sawa na jembe au mzani.

Ndiyo maana tunaona ni vema kuzungumzia jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi dukani. Huuliza bei, kamera na chaji inakaa saa ngapi. Hawaulizi kama mfumo unaoendesha simu hiyo uko wazi au umefungwa.

Mfumo uliofungwa ni ule ambao kampuni moja hutengeneza simu, humiliki mfumo wake na kuamua programu zipi ziingie. Mfano unaojulikana ni iPhone ya kampuni ya Apple, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007. Mfumo ulio wazi ni ule ambao kampuni nyingi huruhusiwa kuutumia katika simu zao. Android, iliyotangazwa Novemba 2007, ilifuata njia hiyo. Leo Tecno, Itel, Infinix na Samsung zote huutumia, na ushindani wao umesaidia kushusha bei.

Wapo watakaosema mwenye simu ya bei nafuu mjadala huu haumhusu. Sisi tunaamini yeye ndiye unayemhusu zaidi.

Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye intaneti, kwa bei ya Sh48,000. Simu hiyo ilitumia mfumo wa KaiOS. Ilikuwa hatua nzuri, kwani iliwafikishia WhatsApp watu wasiomudu simu ya tachi. Lakini programu zake zilitoka katika duka moja la mfumo huo, na watengenezaji walioutengenezea programu walikuwa wachache. Mwaka 2024 WhatsApp iliondolewa katika duka hilo, na mwaka 2025 huduma ikakoma hata kwa waliokuwa nayo tayari. Simu ni nzima, betri ni nzima, lakini oda za wateja haziingii.

Ni kweli kwamba Android na iPhone za zamani nazo huachwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mwenye Android anaweza kuhamia simu ya kampuni nyingine, kwa bei anayoimudu, akaenda na namba za wateja wake na programu alizozizoea. Mfumo wenye wauzaji wengi hauwezi kumwacha njiani kwa uamuzi wa mmoja.

Faida ya kufungua milango tumekwishaiona katika pesa za simu. Baada ya M-Pesa kuingia nchini mwaka 2008, na wengine kufuata, kila mtandao ulikuwa kama kisiwa. Mfanyabiashara alibeba laini mbili au tatu ili asipoteze mteja. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kuunganisha huduma zao, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Tangu hapo mteja hutuma pesa kutoka mtandao wake hadi wa mwenzake bila kuhangaika.

Hata hivyo, mlango ulio wazi huingiza na mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Programu za namna hiyo huingia kirahisi katika simu ya mfumo wa wazi, hasa mtu anapofungua kiungo alichotumiwa na asiyemjua.

Kwa hoja hiyo ya usalama, Agosti 2025 Google ilitangaza mpango wa kuwataka watengenezaji wa programu za Android wathibitishe utambulisho wao, kuanzia mwaka 2026 katika nchi chache. Ulinzi ni jambo jema. Lakini mlinzi akiwa ndiye pia mwenye duka, ni lazima naye aangaliwe.

Rai yetu kwa mnunuzi ni kuuliza maswali manne kabla ya kutoa fedha. Simu inapokea laini za mitandao yote? Programu ninazofanyia biashara zinapatikana, na mfumo utaendelea kuboreshwa kwa miaka mingapi? Kama ni simu ya kulipa kidogo kidogo, ambayo hufungwa malipo yakichelewa, kufuli litaondolewa nikimaliza deni? Na nikitaka kuhama, namba na kumbukumbu zangu nitaondoka nazo? Asiyepata jibu aende duka la pili.

Kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na Tume ya Ushindani, tunashauri wauzaji watakiwe kuyaandika majibu hayo kwa Kiswahili kwenye boksi au mkataba. Mkulima aliyeuza gunia la mpunga ili anunue simu ana haki ya kujua kama amenunua kitendea kazi chake, au amekodi cha mtu mwingine.