Baada ya Kutundika Daluga
Kijana wa Korogwe au Handeni akiaga kwenda Tanga kujaribiwa soka, twamwombea dua. Mama yake hulala macho: goti likivunjika, atakula nini? Twamtaja Juma Mgunda, aliyeichezea Coastal Union, akatundika daluga na kushika ukocha. Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha, Coastal yake ilitoka sare 3-3 na Yanga, ikalala kwa penalti. Uchungu ulioje! Septemba Simba ikamwita, akaifikisha makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 akaletwa kocha mkuu mgeni, naye akabaki msaidizi. Aprili 2024 akakabidhiwa timu tena. Lakini wachezaji kumi na mmoja, kocha mmoja. Kijana tumemsihi amalize kidato cha nne kwanza. Mama bado aulizia goti.