Kampuni Zikiungana, Msikilizaji Hubaki na Nini?

Septemba 2025, Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice ya Afrika Kusini, wenye DStv. Ndugu zetu wa Mapera, Mbinga, na sisi wa Unguja na Pemba tulio na madishi hayo, sasa tajiri wetu ni mmoja.

Je, msikilizaji anafaidika? Tutazame Marekani. Julai 2008 kampuni mbili za redio za setilaiti, Sirius na XM, ziliungana. Serikali iliruhusu kwa sharti kwamba bei ya msingi isipande kwa miaka mitatu. Muda ukaisha, Januari 2012 ada ya mwezi ikapanda kutoka dola 12.95 hadi 14.49. Mshindani wa kukimbilia hakuwepo tena.

Huku Afrika, WorldSpace, iliyorusha setilaiti ya AfriStar mwaka 1998, ilifilisika 2008, na hatimaye matangazo yake yakanyamaza.

Kwa hiyo tunanasihi: wasimamizi wetu wadai masharti ya bei yasiyoisha upesi. Nasi majumbani tusiitupe redio ya kawaida. Darsa za Ramadhani na tangazo la kuandama kwa mwezi visitegemee ada ya dishi.