Misimbo ya Manyara: Hadhari ya Kubadili Kumbukumbu kwa Mkupuo

Na Mwandishi Wetu, Babati

Mwananchi aliyezaliwa Babati mwaka 1990 alizaliwa katika Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002 kwa kuumega mkoa huo, na wilaya za Babati, Hanang, Mbulu, Simanjiro na Kiteto zikawa sehemu yake. Mwananchi huyo hakuhama. Kilichobadilika ni namba ya mkoa wake katika majalada ya kompyuta, na kwa kuwa taasisi za umma sasa zinaunganisha mifumo yake ili isomane, namba hiyo inastahili kutazamwa kwa makini.

Katika takwimu za Taifa, Arusha ni msimbo 02 na Manyara ni 21. Katika kompyuta kuu, zile mashine kubwa zilizotangulia mifumo ya leo, taarifa za namna hii huhifadhiwa kwa mistari ya urefu maalumu: tarakimu za mwanzo ni mkoa, kisha wilaya, kisha kata. Majalada ya aina moja huwekwa katika kundi moja, na amri moja yaweza kulipitia kundi zima kabla chai haijapoa. Lakini amri inayosema tu “02 iwe 21”, bila kutaja nafasi ya tarakimu katika mstari, itamfanya mtoto wa miaka 02 kuwa mtu mzima wa miaka 21.

Hata nafasi ikitajwa, Mbulu inabaki kuwa mtego. Katika Sensa ya mwaka 1988 wilaya hiyo ilijumuisha eneo la Karatu, ambalo lilifanywa wilaya katika miaka ya 1990 na likabaki Arusha. Anayehamisha Mbulu yote ya 1988 kwenda Manyara anahamisha pia watu wa Karatu, na ulinganisho wowote wa ongezeko la watu hadi 1,892,502 waliohesabiwa Manyara mwaka 2022 utapotoka. Kazi hiyo haina budi kufanywa kata kwa kata.

Lipo pia suala la namba zenyewe. Kompyuta kuu nyingi hufungasha tarakimu mbili katika baiti moja. Jalada likigeuzwa lote kana kwamba ni maandishi, majina husomeka vizuri, ilhali kiasi cha mshahara huharibika. Na kosa lililojificha nyuma ya majina sahihi huchelewa kugundulika.

Kwa maoni yetu, msimbo wa zamani usifutwe. Mahali pa kuzaliwa pabaki kama palivyoandikwa siku ya tukio, na msimbo wa sasa uwekwe kando yake pamoja na tarehe. Cheti cha kuzaliwa cha 1990 kinachotaja Arusha hakina kosa, na mfumo usikikatae. Pale ambapo mabadiliko ya mkupuo yameingiza kosa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mhusika haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe.