Tende Iliyorudi Kiganjani



Ramadhani iliyopita, juu ya jamvi la futari la msikiti wetu hapa Kibiti, mzee wetu mmoja alikuwa akiokota tende, akiizungusha kinywani, kisha akiitema kimyakimya kiganjani. Baada ya hapo hunywa uji, akainuka kwa sala ya Magharibi. Tulimwona. Tulikuwa watu wapatao arobaini, na tuliokaa karibu naye tulimtania kuwa meno yamemkimbia. Yeye alicheka pamoja nasi.

Ilipofika Mfunguo Tatu, nyama ya udh-hia hakuigusa kabisa, na wali aliusukuma kwa maji, tonge kwa tonge. Kituo kimoja kilimpa dawa za kiungulia. Wengine tukamwandalia kombe. Hatusemi haya kwa kulibeza kombe, maana sisi wenyewe tumeyaandika kwa mikono yetu na Qur'ani ni shifaa. Kosa letu lilikuwa kulifanya kombe na hospitali kuwa kama wake wenza wasioweza kukaa nyumba moja. Alipofikishwa Muhimbili, hata mate yalikuwa yakirudi. Madaktari walimpitisha mpira mwembamba wenye kamera, wakakuta uvimbe umeziba sehemu kubwa ya umio, yaani ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Aliwekewa bomba dogo la waya wa kusuka linalojitanua lenyewe, ili walau uji upite. Tulimzika Mfunguo Sita, Allah amrehemu.

Katika kikao cha kamati kilichofuata baada ya hitima, mjumbe mmoja aliuliza swali ambalo mpaka leo halijatutoka: ni siku gani tuliyoanza kuona? Jibu tulilijua sote. Tuliona tangu siku ya tende.

Ndugu wasomaji, tumeona ni wajibu kueleza kile ambacho kingewezekana kufanywa mapema, kwa kuwa wengi wetu tukisikia neno saratani tunafikiria kupasuliwa na kisha sanda. Ukuta wa njia ya chakula, kuanzia umio hadi utumbo mpana, umejengwa kwa tabaka. La ndani kabisa ni utando laini unaogusana na chakula. Chini yake lipo tabaka lenye mishipa ya damu. Kisha inafuata misuli. Saratani nyingi za njia hii huanzia kwenye ule utando. Maadamu zimebaki humo, uwezekano wa kusambaa kwenye tezi ni mdogo, na daktari mwenye ujuzi na vifaa anaweza kuuondoa uvimbe kwa kupitia mdomoni au njia ya haja kubwa, bila kuchana tumbo wala kuacha kovu.

Namna yake si ngumu kuifahamu kwa mtu wa Rufiji aliyekulia kwenye wali. Ukoko ukigandana na sufuria, mama haukwangui mkavu; humimina maji kidogo, akangoja uachie. Daktari naye hupitisha sindano ndefu ndani ya mpira wa kamera, akachoma maji ya chumvi chini ya uvimbe, nao ukainuka kama lengelenge na kuachana na misuli. Kisha huuzungushia kitanzi cha waya, akakikaza na kupitisha umeme unaokata na wakati huohuo kuziba mishipa ya damu. Kinyama chenye kikonyo cha utumbo mpana hukatwa kwa kitanzi hichohicho, na mara nyingi hakihitaji hata hayo maji. Kazi hiyo ilianzwa na madaktari William Wolff na Hiromi Shinya mjini New York mwaka 1969. Kwa uvimbe mpana uliolala, Wajapani walibuni mwishoni mwa miaka ya 1990 kisu kidogo mno cha umeme cha kuuchuna wote kwa kipande kimoja. Kipande hupelekwa maabara, na maabara ndiyo inayosema kama mizizi imeishia kwenye utando au imeshuka. Ikiwa imeshuka sana, upasuaji mkubwa au tiba nyingine hauepukiki. Zipo pia hatari za kutokwa damu na za ukuta kutoboka, ndiyo maana jambo hili si la kufanyiwa popote.

Sehemu yetu hii ya dunia ina sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Saratani ya umio ni nyingi katika ukanda unaotoka Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania, hadi Malawi na kusini mwa bara. Huko Bomet, Kenya, watafiti wa Hospitali ya Tenwek waliwachunguza watu wazima 305 ambao hawakuwa na malalamiko yoyote ya kumeza. Waliupaka umio dawa ya ayodini, ambayo huigeuza ngozi nzima kuwa ya kahawia na kuyaacha meupe maeneo yaliyoharibika. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016, asilimia 14.4 walikuwa na chembe zilizokwisha kuanza kubadilika. Si wote kati yao watakaopata saratani. Lakini tulipoisoma hesabu hiyo tuliliwaza lile jamvi la watu arobaini, tukanyamaza.

Kuhusu chai tutasema kwa ufupi, ijapokuwa tunajua itatuletea barua. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitaja vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 kuwa huenda vinasababisha saratani ya umio. Katika jimbo la Golestan, Iran, kwa ndugu zetu Waislamu wanaopenda chai kama sisi, watu zaidi ya 50,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi, na waliokunywa mililita 700 au zaidi kwa siku, ikiwa na moto wa nyuzi 60 kwenda juu, walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na ikiwa imepoa. Bi Asmaa binti Abubakar (r.a.) alikuwa akikifunika chakula mpaka mvuke umalizike, akisimulia kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa humo mna baraka zaidi. Tumbaku na pombe ni vyanzo vingine. Cha pili wasomaji wetu wanajua hukumu yake, cha kwanza baadhi yetu bado tunakitafuna barazani.

Sasa tuje kwenye jambo linalosemwa kwa sauti ya chini. Bibi mmoja mkulima wa mpunga, wa upande wa Delta, alikuwa akiona damu chooni kwa miezi. Alisema ni bawasiri. Mkwewe ndiye aliyegundua, naye akaliwasilisha kwa akina mama wa madrasa, ndipo likatufikia. Bibi hakuogopa kufa. Aliogopa kuvuliwa nguo mbele ya mwanamume. Hofu hiyo ni ya haki na haipaswi kuchekwa. Tulimweleza kuwa aombe daktari au muuguzi wa kike, kwamba mgonjwa hufunikwa na hufunuliwa pale tu panapohitajika, na kwamba wanazuoni wameruhusu hata tabibu wa jinsia nyingine inapokuwa dharura na hakuna mwingine.

Akakubali, na hapo ndipo tulipojifunza ugumu ambao hakuna daktari aliyekuwa ametuambia. Kabla ya kipimo cha utumbo mpana mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha tumbo pamoja na maji mengi, akaenda chooni usiku kucha. Hili haliwezekani kwa mtu anayengoja maji yajae ndipo mashua iondoke kwenda Nyamisati, kisha apande gari hadi Dar es Salaam. Ilibidi tumtafutie familia ya Kiislamu jijini imlaze siku mbili, yenye choo cha ndani. Walimkuta na kinyama chenye kikonyo, mfano wa uyoga. Kilikatwa palepale. Maabara ikasema bado hakijawa saratani. Vinyama vya namna hiyo kwa kawaida huchukua miaka, pengine kumi, kabla ya kuharibika, na huo ndio muda ambao Mola ametupa. Msimu huu bibi yuko shambani akiwinga ndege.

Tumeulizwa pia kuhusu saumu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi mjini Jeddah mwaka 1997, iliona kuwa mpira wa kuchunguzia tumbo haufunguzi ikiwa haukuingizwa pamoja na maji au kitu kingine. Madhehebu yetu ya Shafii ni makali zaidi katika kila kinachoingia ndani ya mwili. Lakini kwa hali halisi maji huingizwa, na kwa utumbo mpana dawa hunywewa, hivyo mgonjwa na afungue kwa ruhusa aliyopewa na Mola wake, kisha alipe. Aliyelazwa kwa dawa ya usingizi atawadhe upya. Anayeweza kungoja baada ya Idi bila madhara na angoje; mwenye dalili asingoje.

Na dalili ni hizi: chakula kukwama, kupungua mwili bila sababu, damu au choo cheusi kama lami, kutapika damu. Mwenye nazo aanzie kituo cha afya au hospitali ya wilaya na aombe barua ya rufaa, akisisitiza apimwe kwa kamera. Kipimo hicho kipo Muhimbili, na kwa walio mbali kipo KCMC Moshi na Bugando Mwanza.

Kamati yetu ilibishana sana juu ya fedha. Sadaka za Ijumaa zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya bati za ukumbi wa wanawake, na mjumbe mmoja alisema kwa uchungu kuwa akina mama wamelowana masika mawili. Alikuwa na haki. Walioamua shauri hilo ni akina mama wenyewe, walioleta ujumbe kwamba masika ya tatu watayavumilia. Sanduku la wagonjwa likafunguliwa, la nauli na malazi tu, na zaka ya walio tayari itaingizwa humo kwa ajili ya wagonjwa walio mafakiri.

Wa kwanza kuandikwa ni mdogo wake marehemu. Wiki tatu sasa anasema tonge linasita kifuani kabla ya kushuka. Barua ya rufaa anayo, na Jumatatu ataondoka na gari la alfajiri. Katibu atafuatana naye.

Wabillahi tawfiiq.