Kutetea Chungu cha Kwetu

Iko aibu ya kweli, na iko aibu ya uongo. Aibu ya kweli humpata mtu atendapo ovu. Aibu ya uongo humpata asiye na kosa, kwa sababu tu amesikia wengine wakicheka. Aibu inayowashika vijana wetu wa Kwale mbele ya sahani ya muhogo na kunde ni ya namna hii ya pili, nami nataka kuishtaki mbele yenu, wasomaji, mwamue wenyewe.

Nilihudhuria siku moja karamu ya shule katika pwani hii ya kusini. Wageni waliandaliwa mkate mweupe, viazi vya kukaanga na soda. Akina mama wa kijiji, ambao kila mmoja aweza kupika wali wa nazi na samaki wa kupaka hata mgeni akasahau njia ya kurudi kwao, waliitwa kuja kuosha sahani. Nilimwuliza mwanafunzi mmoja kwa nini mama hao hawakuombwa wapike. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, hicho ni chakula cha nyumbani tu." Neno lile "tu" limenikaa tangu siku hiyo kama mwiba wa samaki kooni.

Wenye dharau husema kwanza kwamba chakula hiki ni cha wajinga na maskini. Haya, na tuutazame huo ujinga. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza, lililo zito, huwekwa kando. Tui la pili, lililo jepesi, hutangulia chunguni pamoja na kisamvu au kunde. La kwanza hutiwa mwishoni, nalo hukorogwa polepole lisije likakatika. Tazameni tena muhogo mchungu. Ndani yake mna sumu iwezayo kuua. Wazee wetu waliumenya, wakauroweka, wakauanika juani, kisha wakautwanga kuwa unga, na watoto wao wakala wakashiba. Aliyegundua njia ya kuitoa sumu ile bila maabara hakuwa mjinga. Mjinga ni yule anayeila kazi yake kisha akamcheka.

Husema pili, na hawa ni wajanja zaidi, kwamba hapana chakula cha asili hapa cha kutetewa. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, nao uliletwa Afrika na Wareno. Mahindi na pilipili vilitoka Amerika vilevile. Mpunga na mnazi asili yake ni Asia. Maneno hayo ni kweli, lakini hitimisho lake ni potofu. Mbegu huweza kutoka mbali; upishi huzaliwa pale unapopikiwa. Tazameni kisiwa cha Kuba, upande wa pili wa Atlantiki. Wenyeji wake wa kale walikuwa na muhogo. Wahispania walileta nguruwe na mpunga. Waafrika waliopelekwa huko utumwani walichanganya maarifa yao na hayo yote. Leo Mkuba hula wali na maharagwe meusi, na muhogo uliotiwa kitunguu saumu na maji ya machungwa machachu, wala haoni haya kukiita chakula chake. Tena mkate wa muhogo wa wenyeji wale wa kale ungali unaokwa, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa ombi la Kuba na nchi nyingine 4. Muhogo ni ule ule. Kule umepewa heshima ya dunia. Huku umefichwa mgeni asiuone.

Husema tatu kwamba chakula cha kigeni ndicho chenye afya. Nakiri kwamba muhogo peke yake haujengi mwili, na kwamba tui jingi lina mafuta mengi. Lakini bibi zetu hawakuandaa muhogo peke yake. Waliuandaa na kunde, au na papa, au na ng'onda. Kando yake wakaweka mchicha, au mtsunga ule mchungu ambao Mdigo na Mduruma huuchuma bila kuulipia. Pimeni sahani hiyo kwa mkate mweupe na soda, kisha niambieni ipi iliyopangwa kwa akili.

Lipo shtaka moja tu ambalo silikanushi. Upishi huu una kazi nyingi, na kazi hiyo tumemtwika mwanamke peke yake. Basi dawa yake si kuvunja chungu. Dawa ni mvulana naye aketi juu ya mbuzi akune nazi. Na kama iko mashine ya kukunia, na itumike. Mimi sitetei jasho la mama. Natetea maarifa yake.

Mtu ataniuliza, "Je, kuna hasara gani tukisahau?" Hasara iko. Nendeni Kinango mwaka wa ukame. Mahindi yakikosa mvua wakati wa kuchanua, shamba zima hupotea. Muhogo hungoja ardhini mpaka mwenyewe aje auchimbe. Asiyejua kuupanda wala kuupika hungoja gari la msaada. Uko na mnazi: huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, lakini hukatwa kwa saa moja upate kuwa mbao. Nyumba isiyopika kwa tui haioni sababu ya kuuacha usimame. Hivyo dharau inayoanza katika sahani huishia shambani.

Mwaka 2008 misitu ya kaya za Mijikenda, Kaya Kinondo karibu na Diani ikiwa mojawapo, iliandikwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2021 kazi iliyofanywa Kenya, hasa miongoni mwa Waisukha na Wapokot, ya kuhifadhi vyakula vya jadi ilitajwa na UNESCO kuwa mfano mwema kwa mataifa. Ikiwa msitu wetu umehifadhiwa, na ikiwa ndugu zetu wa magharibi wameweza, sisi wa Diani na Msambweni tunangoja ruhusa ya nani? Watalii huja Diani kutoka mbali, wakala viazi walivyoviacha kwao, kwa sababu sisi wenyewe tunaona haya kuwaandalia pweza wa nazi.

Wasomaji vijana, siwaambii mkatae mkate. Kuleni mpendacho. Nawaomba mambo mawili tu. Kila mmoja aketi na bibi yake jikoni, aandike kwa kipimo na kwa utaratibu chakula kimoja anachojua bibi huyo na ambacho hakimo kitabuni. Na siku shule yenu itakapopata wageni, waombeni akina mama wapike, halafu sahani mzioshe ninyi.