Tuache kutoboa plafo za jikoni kwa ajili ya spika

Ndugu wasikilizaji wa Bunia, na ninyi wahami mnaoishi pamoja nasi, leo nasema na wenye nyumba na mafundi wao. Kutundika spika katika plafo ya jiko kunafaa nyumba ya saruji, jiko la gesi, familia moja. Hapa kwetu, kuanzia Mudzipela mpaka Nyakasanza, kuna majiko yanayopikia familia mbili ao tatu, kwa sababu tangu vita vya Djugu na Irumu wengi wamepokea ndugu. Usiku watoto wanalala humo humo.

Plafo zetu nyingi ni tripleksi nyembamba, ingine ni mkeka. Spika ina sumaku nzito nyuma yake. Fundi anatoboa, anapiga misumari miwili, anachukua malipo yake, anaenda. Kila wimbo wenye besi unatikisa ile misumari, na chini yake kuna mbabula yenye moto, sufuria ya maharagi na mtoto. Tena mvuke na moshi wa makala vinapanda kule kule juu. Karatasi ya spika inalowana, sauti inaharibika.

Na waya? Spika mbili za ohm 8 zikiunganishwa sambamba, amplifaya inapata ohm 4 tu. Kama haikutengenezwa kwa hiyo, inachemka mpaka inaungua. Waya zenyewe zinapita juu ya plafo karibu na za taa, mahali panya wanatafuna bila mtu kuona. Anayetumia sola ahesabu pia: amplifaya ikivuta wati 60, betri ya volti 12 inatoa ampea 5. Betri hiyo hiyo ndiyo inachaji simu ambayo mama mhami anangojea habari za watu wake waliobaki Djugu.

Mtaniambia muziki unafariji. Ni kweli, hata mimi napenda rumba wakati wa kupika. Lakini unafariji nani? Mvua ikianza kupiga mabati, mwenye nyumba anapandisha sauti. Nyuma ya spika kuko wazi, kwa hiyo sauti inajaa juu ya plafo na kushukia vyumba vyote. Saa ya habari za Radio Candip ao Radio Okapi inapita, na yule anayetaka kujua kama barabara ya kesho ni salama amebandika sikio kwenye redio ndogo ya betri, hasikii kitu. Na mtu aliyekimbia risasi usiku, besi ikimpigia ghafla juu ya kichwa, haiiti muziki.

Wengine wanajibu: nyumba ni yangu. Sawa, plafo ni yako. Masikio ya watu kumi siyo yako.

Kama spika ni lazima, weka moja ndogo juu ya ubao ukutani, mbali na mbabula, waya ionekane, na saa ya habari ifunguliwe redio. Ukiendelea kung'ang'ania plafo, muulize fundi kabla hajapanda ngazi: skrubu itashika mti gani? Akisema itashika tripleksi, mpe pesa ya pikipiki arudi kwake.